Padre Maskini na Wimbo wa Noeli

Padre Joseph Mohr alizaliwa mwaka 1792 mjini Salzburg, katika nchi iitwayo leo Austria. Mama yake alikuwa mfumaji maskini. Baba yake, askari mtoro, hakumwoa. Mwana wa namna hiyo hakuruhusiwa kuwa padre ila kwa idhini maalum ya Kanisa. Akaipata, akapadirishwa mwaka 1815. Mwaka uliofuata alitunga shairi la Stille Nacht. Mkesha wa Noeli 1818, huko Oberndorf, mwalimu Franz Xaver Gruber alilitilia sauti, nao wawili wakaliimba kanisani kwa gitaa. Padre alifariki Wagrain mwaka 1848, hana mali. Wasomaji wapenzi, tusimdharau mtoto yeyote kwa kuzaliwa kwake: huyu aliyafundisha mataifa kumwimbia Mtoto wa horini.