Dk. Kwegyir Aggrey: Mwalimu Aliyeacha Jina Kariakoo

Aliyekulia Dar es Salaam anaujua Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo. Ni mtaa wa maduka, mikokoteni na kelele za wauzaji. Lakini ukiuliza Aggrey alikuwa nani, wengi watakisia kwamba alikuwa Mzungu fulani wa serikali ya Kiingereza. La hasha. Alikuwa Mwafrika, mwalimu, na zaidi ya hayo alikuwa mhamiaji kama sisi: alikuja Marekani kijana, akasoma huku, akaoa huku, akapata watoto huku na akazikwa huku. Katika kuadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba, inafaa watoto wetu wamjue, kwa kuwa mkono wake umo katika historia ya Uhuru huo.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Anomabu, Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Alikuwa Mfante. Alisoma katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Cape Coast, na kabla hajatimiza miaka 20 alikwishaanza kufundisha. Mwaka 1897 wazee wa nchi yake walipounda chama cha kutetea haki za wenyeji na kupinga mswada wa kuwanyang'anya ardhi, kijana Aggrey alikuwa karani wao. Hapo alijifunza kwamba elimu si ya kujipatia mshahara tu. Mwenye kalamu anaweza kuwasemea wengine.

Mwaka 1898 alipanda meli kuja Marekani. Alifikia Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilianzishwa na watu weusi wa Kanisa la A.M.E. Zion, na kilipewa jina la David Livingstone, yule yule tunayemkumbuka kwa habari za Ujiji. Mwaka aliofika ulikuwa mchungu. Mnamo Novemba, katika mji wa Wilmington wa jimbo hilo hilo, Wazungu wenye silaha waliupindua uongozi wa mji na kuua watu weusi. Miaka miwili baadaye jimbo lilibadili katiba yake ili kuwanyima weusi kura. Shule zilikuwa mbalimbali, za Wazungu na za weusi, na za weusi zilipewa makombo.

Aggrey alihitimu mwaka 1902, akabaki chuoni kufundisha kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, binti wa Virginia. Kuanzia mwaka 1914 alichunga pia makanisa mawili madogo ya shamba, Miller's Chapel na Sandy Ridge. Waumini wake walikuwa wakulima maskini waliofungwa na madeni. Hakuwahubiria mbinguni peke yake. Aliwafundisha kilimo bora, akawahimiza kuungana, kuweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe ili watoke mikononi mwa wakopeshaji. Wakati wa likizo alisafiri hadi New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani uliunda tume ya kuchunguza elimu barani Afrika, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Aggrey aliteuliwa kuwa mjumbe, na ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee. Safari ya kwanza ilipita Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Huko Afrika Kusini, nchi ambayo mtu mweusi alitembea na pasi mfukoni, Aggrey alisimama mbele ya mikutano ya Wazungu na Waafrika akiwapa mfano wa piano. Alieleza kwamba mtu anaweza kupata namna ya wimbo kwa vibao vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, lakini sauti zenye kupatana hazitoki mpaka vyote vipigwe pamoja.

Mfano huo uliwapendeza wengi, lakini haukuwaridhisha wote. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mkubwa mweusi wa Marekani, aliilaumu vikali sera ya Jones, akiona kwamba inataka kumpa Mwafrika jembe na randa na kumnyima elimu ya juu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, nasi hatuna haja ya kuificha. Lakini Aggrey mwenyewe hakuwahi kuwawekea wanafunzi wake mpaka. Alisimulia hadithi ya tai aliyelelewa na kuku hata akajiona kuku, mpaka siku alipoelekezwa juani akaruka. Kwake Mwafrika alikuwa tai huyo.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 1924, na hapo ndipo alipofika kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kenya alimtia moyo kijana Mbiyu Koinange, ambaye mwaka 1927 alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 1939 akaanzisha chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe. Dar es Salaam alikutana na Kleist Sykes. Kwa kumbukumbu alizoacha Kleist, Aggrey ndiye aliyemshauri waunde chama cha kuwaunganisha Waafrika. Ushauri haukupotea. Mwaka 1929 ilizaliwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU.

Mwaka huo huo wa 1924 Aggrey alirudi Gold Coast kusaidia kujenga chuo cha Achimota pamoja na Gavana Guggisberg na mkuu wa chuo, A.G. Fraser. Waafrika wengi walikishuku chuo hicho, wakihofia elimu ya daraja la chini. Ilikuwa kazi ya Aggrey kuwaendea na kuwatuliza. Alisisitiza wasichana wasomeshwe sawa na wavulana, kwa hoja kwamba ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamaa nzima. Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927, na nembo yake ni vibao vyeusi na vyeupe vya piano. Miongoni mwa vijana waliomsikiliza huko alikuwamo Kwame Nkrumah.

Miezi michache baadaye alirudi Marekani kukamilisha shahada yake ya udaktari. Hakuikamilisha. Tarehe 30 Julai 1927 alifariki ghafla New York, akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa Salisbury. Kazi hiyo ilikuwa na gharama, na familia yake ndiyo iliyoilipa kwa miaka ya kuishi mbali naye. Mwanawe wa mwisho, Rudolph, alikuwa na mwaka mmoja tu. Mtoto huyo alikua bila kumjua baba, lakini baadaye aliiwakilisha Marekani kama balozi nchini Senegal na Gambia.

Aggrey hakuuona Uhuru wa nchi yoyote kati ya hizo. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, shule zetu bado ziligawanywa: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mwaka 1962 zikaanza kuunganishwa. Mtoto wa Kariakoo akaruhusiwa kukaa dawati moja na mtoto wa Oysterbay.

Vijana wetu, mnaposoma katika shule za huku mkiwa na rangi tofauti na wenzenu, na pengine mkaonwa duni, kumbukeni kwamba mwalimu huyu alipita njia hiyo hiyo katika siku ngumu kuliko zenu. Aliipenda nchi iliyompokea, na kwao hakukusahau. Nasi wazazi tujiulize: elimu na vipato tulivyovipata huku, ni nani nyumbani atakayenufaika navyo?

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.