Daktari Aliyeificha Kazi ya Mikono Yake

Nilipokwenda Kitengela kumzuru mpwa wangu, nilimkuta na swali. Huko kwao, palipo na ardhi kubwa inayouzwa hapakosi mtu wa kutaja nyumba za fahari na kiwanja cha gofu. Basi akataka kujua: kiwanja kipya kikifunguliwa, wajuzi hukipima kwa mizani gani? Sisi wa Mombasa, wengi wetu gofu tumeitazama kwa mbali tu, pale Mama Ngina. Hata hivyo nilimjibu kwa kumsimulia maisha ya mtu mmoja, maana mizani hiyo kwa sehemu kubwa ni yake.

Hayati Dkt. Alister MacKenzie alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1870. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea kazi hiyo hiyo Cambridge. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, alikwenda kuwa tabibu wa jeshi. Huko aliona ajabu moja: mahandaki ya Makaburu yalilingana na ardhi hata adui akayakaribia asiyatambue. Funzo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Aliporejea kwao, mapenzi ya gofu yakaushinda udaktari. Mwaka 1907 alishiriki kutengeneza kiwanja cha Alwoodley, karibu na Leeds. Mwaka 1914 gazeti la Country Life likafanya mashindano ya kuchora shimo moja la gofu, naye akashinda. Vita Kuu ilipoanza, jeshi lilimtumia kwa ujuzi wake wa kuficha mahandaki.

Mwaka 1920 alitoa kitabu chenye masharti 13 ya kiwanja chema. Alitaka mkono wa binadamu usionekane: kilima kilichojengwa kifanane na kilichoumbwa. Alitaka mchezaji dhaifu naye afurahi, asiadhibiwe kila hatua; na mtu asipoteze saa nzima akitafuta mpira vichakani. Kwa mizani hiyo, urefu wa kiwanja na fahari ya jumba lake si hoja.

Sifa zake zikavuka bahari. Mwaka 1926 aliitwa Melbourne, Australia. Mwaka 1928 kikafunguliwa kiwanja chake cha Cypress Point, California. Kisha akashirikiana na bingwa Bobby Jones kutengeneza Augusta, kilichofunguliwa 1933 kikiwa na mitego ya mchanga 22 tu. Lakini dunia ilikuwa katika dhiki ya fedha, na ujira wake hakulipwa wote. Alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza ya Augusta, bila kukiona kiwanja hicho kikiwa kimeota nyasi na kukamilika.

Nilipomaliza, mpwa wangu alinichukua kwa gari kuelekea Kajiado. Uwanda ulikuwa mkavu, nyasi rangi ya mkeka mkuukuu. Njiani tulipishana na punda waliobeba madumu ya maji. Hapo nikalikumbuka sharti moja la Daktari: kiwanja kiwe chema majira yote ya mwaka. Sharti hilo lafaa Yorkshire penye mvua. Katika nchi ya Wamasai, wakati wa kiangazi, nyasi mbichi hununuliwa kwa maji ya kisima, na kisima hicho ng'ombe wanakihitaji.

Sisi tumefundishwa kuwa israfu ya maji ni makosa, hata kwa anayetawadha kando ya mto. Kwa hiyo kwenye masharti 13 ya Daktari nimeongeza la 14: kabla ya kukisifu kiwanja, ulizia maji yake yatoka wapi, na nani aliyekuwa akiyanywa. Katika Kajiado hiyo hiyo, huko Magadi, watu wamecheza gofu miaka mingi kwenye nchi kame kando ya ziwa. Nadhani Daktari, aliyependa ardhi ibaki na sura yake, asingewacheka.