Karl Terzaghi, bwana aliyefahamu maji ndani ya udongo

Wengi hapa London hupita kando ya bwawa la William Girling, Chingford, wasijue kuwa tuta lake liliporomoka mwaka 1937 likiwa bado linajengwa. Aliyeitwa kusaidia ni Karl Terzaghi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na naona maisha ya bwana huyu ni somo zima.

Alizaliwa Prague mwaka 1883. Mwaka 1916 alikwenda Istanbul kufundisha chuo cha uhandisi cha dola ya Osmania, na baada ya vita akahamia Robert College, mji huo huo. Huko, kwa vyombo vya kuungaunga tu, akafahamu hivi: mzigo ukiwa juu ya udongo uliolowa, sehemu hubebwa na chembe na sehemu hubebwa na maji yaliyo baina yake. Nguvu ya udongo inatoka kwenye chembe kushikana, si kwenye maji. Kitabu chake kikatoka 1925.

Sasa tazama bahari. Kilele cha wimbi hukandamiza mchanga wa chini, na wimbi likishuka mzigo hupungua. Dhoruba ikidumu, kwenye mchanga mlegevu maji hayawahi kutoka. Shinikizo lake hupanda wimbi baada ya wimbi mpaka chembe zinaachana, mchanga unakuwa kama uji. Bomba laweza kuelea, ukuta wa bandari ukazama. Hesabu za mawimbi walizimaliza wengine, lakini msingi ni wake. Nyinyi wa Ghuba, wenye mabomba ya mafuta na gesi chini ya bahari, hili si jambo la mbali.

Elimu hii ilikuwa na gharama. Mwaka 1936 Profesa Paul Fillunger, mwenzake wa Vienna, alimshambulia hadharani kwa maandishi. Kamati ya chuo ikampa haki Terzaghi. Machi 1937 Fillunger na mkewe wakajitoa uhai.

Terzaghi aliondoka Vienna 1938. Huku Chingford ilionekana tuta limepandishwa mbiombio juu ya udongo laini, maji yake hayakupewa muda wa kutoka. Haraka haraka haina baraka. Likachorwa upya, na bwawa likafunguliwa 1951. Mwenyewe alifariki Marekani mwaka 1963. Mwenye kijana anayesoma uhandisi amwulize habari za mzee huyu. Lazima atakuwa amekutana na hesabu zake.