Shekhar Mehta na Datsun namba 1
Anayeunganisha kigari cha mfano cha Datsun 240Z ya mbio za Safari Rally hana budi kutazama namba ya ubavuni. Namba 11 ni gari la Edgar Herrmann, mshindi wa 1971. Namba 1 ni la Shekhar Mehta.

Mehta, mzaliwa wa Uganda mwaka 1945, alihamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka 1973 alilingana na Harry Källström kwa pointi za adhabu. Akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Alishinda tena mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, gari lenye sura ya teksi tu. Alifariki London mwaka 2006.