Adam Ries, Mwalimu wa Hesabu

Hata leo Mjerumani akimaliza kujumlisha fedha, naye ataka kuonyesha kwamba hesabu yake haina kosa, hulitaja jina la Adam Ries kana kwamba ni shahidi wake. Mtu huyo alifariki mwaka 1559.

Alizaliwa Staffelstein, katika Ujerumani, yapata mwaka 1492. Alikaa mji wa Erfurt akifundisha hesabu, na mwaka 1518 akatoa kitabu chake cha kwanza, kwa ajili ya watoto. Wataalamu wa siku zile waliandika kwa Kilatini. Yeye aliandika kwa Kijerumani, lugha ya nyumbani na sokoni.

Watu walihesabu mezani kwa vidude vya mviringo mfano wa sarafu, vilivyopangwa juu ya mistari: mstari wa mamoja, wa makumi, wa mamia. Tuseme 312 zagawanywa kwa watu 4. Mamia 3 hayawatoshi watu 4. Basi huvunjwa yakawa makumi 30, na pamoja na lile kumi 1 ni makumi 31. Kila mtu apata makumi 7, yasalia 3. Hayo nayo huvunjwa yakawa mamoja 30, na pamoja na 2 ni 32; kila mtu apata 8. Jibu ni 78. Mtoto aliona kwa macho kilichovunjwa na kilichosalia. Ries aliona kwamba walioanza hivyo walijifunza upesi zaidi, ndiyo maana katika kitabu chake cha mwaka 1522 alitanguliza mistari, kisha kalamu na tarakimu. Kitabu hicho kilichapishwa zaidi ya mara 100.

Baadaye alihamia Annaberg, mji wa machimbo ya fedha, akafungua shule na kutunza hesabu za machimbo. Huko mkate wa pesa moja haukubadilika bei. Nafaka ilipokuwa ghali, mkate ulipunguzwa uzito. Mnunuzi asiyejua kugawanya angejuaje kama amepunjwa? Ries aligawanya mwenyewe, bei baada ya bei, akaandika katika majedwali uzito uliopasa. Majedwali hayo yalichapishwa mwaka 1536, na tangu hapo mkate uliweza kuwekwa katika mizani na kulinganishwa nayo, mbele ya mwokaji.