Tabibu wa Meno na Vipepeo wa Ngong

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ikiwa yuko mtu aliyeinama umri wake mzima kutafuta kitu ambacho wenziwe walikipita bila ya kukitazama, basi ni marehemu Dakta Victor Gurner Logan van Someren, tabibu wa meno wa Nairobi, ambaye jina lake halitengani na vipepeo wa Ngong.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1886, akasoma Edinburgh, kisha akaja Afrika ya Mashariki katika siku za mwanzo za utawala wa Kiingereza. Riziki yake aliipata vinywani mwa watu, lakini moyo wake ulikuwa porini. Kwa miaka mingi aliyasimamia makumbusho ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa viumbe, ambayo mwaka 1930 yalipata jengo jipya na kuitwa Coryndon. Ndiyo hayo tuyajuayo leo kuwa Makumbusho ya Taifa.

Makazi yake aliyafanya Ngong, na shamba lake akalifanya hifadhi. Huko aliwachungulia ndege vioteni, na kitabu chake juu yao kikatolewa Chicago mwaka 1956. Lakini ni vipepeo waliomkalia rohoni hadi uzeeni. Katika miaka ya ishirini alishirikiana na kasisi K. St. Aubyn Rogers, aliyepata kukaa kwetu Rabai, wakaandika mfululizo wa makala juu ya vipepeo wa Kenya na Uganda.

Wakusanyaji wengi wa zama zile walitosheka na wavu na pini. Van Someren alitaka zaidi: mama hutaga mti gani, kiwavi hula jani lipi, na atokapo kifukoni huwa na sura gani. Hilo halikuwa jambo la mchezo. Wako vipepeo ambao dume na jike hawafanani hata kidogo, na wako ambao majike wa jamii moja huvaa nguo mbalimbali, kila mmoja akimwiga kipepeo mwingine mchungu ili ndege wasimguse. Mwenye kuwatazama kwa mbawa tu atadhani ni makabila matatu au manne. Awalee kutoka mayai ya mama mmoja, ndipo ajue kuwa ni ndugu.

Aliowapenda mno ni wale waitwao Charaxes: wanene, wepesi kuliko mshale, wengi wao wenye mikia katika mbawa za nyuma. Kwa uzuri wao wote, hawana haja na maua. Hutua juu ya matunda yaliyooza, utomvu wa miti na mavi ya wanyama. Kuwapanga na kuwapa majina yao sahihi ilikuwa kazi nzito. Aliianza kuichapisha London mwaka 1963, akiwa na miaka 77, sehemu baada ya sehemu, hata ikaingia miaka ya sabini. Alifariki mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 90.

Haki nayo isemwe. Kazi ya zama zile ilibebwa pia na vijana wa Kiafrika walioijua miti na njia za msituni. Majina ya mabwana yameandikwa chini ya pini. Ya vijana wale aghalabu hayakuandikwa.

Leo ukiteremka kutoka Ngong hadi Kitengela na Kajiado, baada ya mvua utawakuta bado vipepeo weupe wakipita kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja. Usiku, nondo huizunguka taa ya dukani. Lakini nyika iliyokuwa malisho ya Wamasai imekatwa viwanja, imezungushiwa seng'enge, na vichaka vimeng'olewa kupisha nyumba. Watu lazima wakae, hilo halina ubishi. Ila alilotufunza tabibu yule ni kwamba kipepeo hana nyumba isipokuwa mti wa mwanawe. Kiwavi aliyezoea jani moja hatakula jingine. Atakufa na njaa katikati ya bustani ya maua ya kigeni.

Basi ajengaye Kitengela na akibakishe kichaka kimoja cha asili penye ua wake. Vipepeo waliokauka wamehifadhiwa makumbushoni. Walio hai wanahitaji jani.