Mzee wa Delft na Vijidudu vya Meno

Nataka niwasimulie habari za muuza vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka wa 1632 mjini Delft, Uholanzi. Chuo kikuu hakukiona, wala Kilatini cha wasomi hakukijua. Lakini mikono yake, si mchezo! Alitengeneza lenzi ndogo kama punje, na mwaka wa 1676 akawaandikia wataalamu wa London kuwa maji yana viumbe visivyoonekana kwa macho. Wengi walitia shaka, mpaka Robert Hooke alipoviona mwenyewe mwaka uliofuata.

Mimi nilichokipenda ni kisa cha mwaka wa 1683. Leeuwenhoek alisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na bado katikati ya meno ulibaki uchafu mweupe, mzito kama uji. Akauchokonoa, akautazama kwa hadubini. Kumbe vijidudu tele, vinacheza! Alipovichanganya na siki vilikufa papo hapo. Basi akasukutua kwa siki kali, akatazama tena: vya ndani ya uchafu vizima! Akafahamu kuwa siki imeua vya juu tu.

Tena alikutana na mzee ambaye hakuwahi kusukutua kwa maji maishani, ila kwa mvinyo na pombe kali kila siku. Juu ya meno yake ya mbele vijidudu vilikuwa vichache mno, lakini kwenye uchafu wa katikati, vingi zaidi.

Leo tunajua kwamba bakteria hujijengea utando wa utelezi, wakaishi humo kama nyumbani. Spiriti huua upesi walio peke yao, lakini kwenye utando mzito haipenyi vyema, na hukauka mapema. Hata imeonekana maabarani kuwa spiriti iliyozimuliwa yaweza kuwachochea stafilokokasi wazidishe utando.

Mimi nisingeamini, lakini tangu korona ya 2020 nilikuwa bingwa wa sanitaiza. Nikapangusa nayo mdomo wa mtungi wetu wa maji, hapa Bongwe, nikajiona fundi. Siku chache tu, utelezi ule ule! Bibi hakunigombeza. Alichukua kumbi la nazi na sabuni, akasugua mpaka ukatoka, ndipo akasuuza.

Leeuwenhoek alifariki mwaka wa 1723, akiwa na miaka 90. Aliandika barua zake mpaka mwisho, ila ufundi wa lenzi zake bora hakumfunza mtu.